Kapo ya Zenji Yala Bata Italia Siku 12, Dada Arudi Akigoma Kuuza Nyumba ya Urithi

Kama uko Insta na unapenda mitandio, huyu dada umeshapita kwenye ukurasa wake. Jina lake halitajwi hapa, na la mumewe vile vile. Dada ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, amezaliwa kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye mlango wa nakshi na baraza nje. Mumewe alianza maisha kama papasi kule Kiwengwa, pwani ambayo Waitaliano wamejaa mpaka wauza vinyago wanapatana bei kwa Kitaliano. Kaka lugha kaiokota mchangani, bila darasa, mpaka akapata leseni ya kutembeza wageni. Miaka kumi na kitu anawakaribisha Waitaliano Zanzibar, lakini kwao hajawahi kufika.

Mwaka huu wakasema liwalo na liwe. Viza ya kwanza walinyimwa na ile pesa ya maombi hairudi, wakaomba tena wakapata. Waliondoka mwishoni mwa mwezi wa nne, masika imepamba moto Unguja, wageni hamna, kazi ya kaka imelala. Wafuasi wakaanza kula picha: gelato, njiwa, gauni la njano kwenye ngazi za mawe. Komenti zilikuwa moto tupu na "nipeleke na mimi".

Ambacho wafuasi hawakukiona ni grupu la WhatsApp la familia. Baba wa dada ameshatangulia mbele ya haki, kaacha watoto saba na mjane. Kuna mnunuzi anaitaka ile nyumba aigeuze hoteli, na dau lake ni zuri, kila mtu akipata fungu lake anaweza kuanza msingi wa nyumba yake mwenyewe. Watoto sita wameshakubali. Mama mzazi, ambaye bado anaishi ghorofa ya juu, kasema, "Mkikubaliana nyote, na mie nakubali." Ilibaki saini moja tu, ya dada. Kaka mkubwa akamwambia kabla hajapanda ndege, "Mdogo wangu, ukirudi tunataka jibu."

Basi bwana, hiyo ndiyo begi ya tatu waliyosafiri nayo, na haikupimwa uwanja wa ndege.

VENEZIA: KIBAO CHA KUHESABU WATU

Walianzia Venezia, na picha hazidanganyi. Mji umekaa juu ya visiwa zaidi ya 100, madaraja zaidi ya 400, gari hata moja hamna. Nyumba zimesimama juu ya magogo yaliyokitwa kwenye matope karne nyingi zilizopita. Vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa juu, unapotea halafu unatokea pale pale ulipoanzia. Dada akacheka, "Hii si Mji Mkongwe hii? Imewekwa maji tu."

Gondola bei yake rasmi ni euro 90 kwa nusu saa ya mchana. Kaka, mtu aliyeuza safari za boti maisha yake yote, alishika kiuno. "Kwa pesa hiyo mie nakupeleka Changuu, nakupitisha Nakupenda, na samaki wa kuchoma juu!" Mdau, ujanja ni huu: kuna gondola za kuvushia watu Mfereji Mkuu, wanaziita traghetto, unalipa euro 2 tu. Safari ni ya dakika chache, lakini umepanda na picha imetoka. Na kama unakwenda Venezia kutwa moja bila kulala, angalia kalenda kwanza, maana tangu 2024 kuna siku maalum mgeni wa kutwa analipa ada ya kuingia mjini.

Kwenye kanisa la San Marco mabega wazi hayaruhusiwi. Wadada wa watu wanahangaika kutafuta cha kujifunika, muuza mitandio wetu kapita kama malkia.

Nje, kwenye uwanja, kaka akaanza kazi yake ya kawaida ya kuelezea. Ule mnara mrefu wa kengele ulianguka wote tarehe 14 Julai 1902, ukawa rundo la matofali, na hakufa mtu. Wenyewe wakaamua ujengwe vile vile ulivyokuwa, pale pale ulipokuwa, na ulipofika 1912 ulikuwa umesimama tena. Dada akawa kimya. Mtu wa Mji Mkongwe akisikia jengo limeanguka, mawazo yanakwenda Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ambalo upande wake uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Nyumba yao wenyewe ina ufa ukutani tangu baba yu hai.

Karibu na daraja la Rialto kuna duka la dawa limeweka kibao cha taa dirishani. Wageni wengi wanadhani ni joto au tarehe. Kumbe ni idadi ya watu wanaoishi Venezia ya visiwani. Miaka ya 1950 walikuwa kama 175,000. Sasa wako chini ya 50,000. Wageni kwa mwaka ni mamilioni, wenyeji wanaingia kwenye uwanja mmoja wa mpira na viti vinabaki.

Mama aliyekuwa anasafisha chumba chao aliongea na kaka kwa Kitaliano. Kazaliwa visiwani, anaishi Mestre, ng'ambo ya daraja la treni. Kila asubuhi anakuja kutandika vitanda kwenye mtaa aliochezea kombolela. Kaka akamtafsiria mkewe. Dada hakujibu, akaenda kuandaa posti ya Burano, kile kisiwa cha nyumba za rangi rangi. Ilipata mioyo mingi kuliko posti zote.

VERNAZZA: KUTA ZIKIKOSA MWENYEWE

Kutoka hapo wakapanda treni mpaka Cinque Terre, vijiji vitano vilivyong'ang'ania mlimani juu ya bahari: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Treni ndogo inapita vyote, usihangaike na gari. Ila tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igonge kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo faini inakuhusu. Chakula huko ni dagaa wa Monterosso, mkate wa focaccia na pesto ya majani ya rehani, hivyo kwa Muislamu asiyetaka wasiwasi wa nyama ni raha mustarehe.

Wao walilala Vernazza. Bandari ndogo, mashua zimepakwa rangi, watoto wanaruka majini. Ukiangalia mlima unaona ngazi ngazi za mashamba ya zabibu, zimeshikwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilishuka, matope yakaufunika mtaa mkuu wa Vernazza, na watu watatu wakapoteza maisha. Mvua ilikuwa kubwa kweli, lakini zile kuta nazo zina lake. Vijana walishaacha kulima, wameshuka mjini au kwenye biashara ya wageni. Ukuta wa mawe makavu unataka mtu wa kurudisha jiwe moja moja kila linapodondoka. Asipokuwepo, udongo unatafuta njia yake.

Usiku huo huo mama alituma ujumbe wa sauti kutoka Unguja. Salamu, dua, "mnakula vizuri huko?" Na nyuma ya sauti yake, to, to, to. Masika. Paa linavuja, maji yanadondoka kwenye beseni.

Hapo ndipo walipozozana, na ilikuwa ya kweli. Dada akasema kuuza ni kumtoa mama. Kaka akamjibu kwamba kutouza ni kumwacha mama aloe. "Nyumba ile si ya kukarabati kwa pesa ya mitandio, mke wangu. Chokaa, boriti, kibali cha mamlaka, fundi anayejua. Nani atalipa? Na usiwaseme wageni vibaya, mgeni ndiye aliyekuleta Italia." Dada akageukia ukutani. Kaka akatoka kwenda kukaa bandarini peke yake. Ile picha nzuri ya taa za Vernazza usiku, iliyopostiwa bila maneno, ndiyo ya saa ile.

PISA: KWA HARAKA TU

Pisa ni ya nusu siku. Mnara ulianza kujengwa 1173, ukaanza kuinama hata kabla haujakwisha, na kila mtu yuko uwanjani anajifanya anausukuma. Kinachopendeza zaidi ni hiki: Januari 1990 waliufunga kwa kuogopa utaanguka, wakauhangaikia karibu miaka 12, na dawa iliyousaidia ilikuwa kuchota udongo kidogo kidogo chini ya upande uliokuwa juu, mpaka mnara ukarudi nyuma zaidi ya sentimita 40. Hawakuunyoosha kabisa. Waliuacha na kilema chake, ila wakahakikisha hauanguki. Kaka na dada hapo walikuwa bado hawaongei vizuri, picha ya kusukuma mnara kila mmoja alipiga peke yake.

CIVITA: MJI UNAOLIPIWA TIKETI

Huu ndio mji ambao wengi hawaujui. Unashuka treni Orvieto, unachukua basi mpaka Bagnoregio (mabasi ni machache, uliza saa ya kurudi kabla hujapanda), halafu unatembea. Civita imekaa juu ya jiwe katikati ya bonde, na njia ya kuingilia ni daraja moja jembamba la waenda kwa miguu. Ulianzishwa na Waetruski zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Chini ya jiwe kuna udongo wa mfinyanzi unaoliwa na mvua, kingo zinamomonyoka, tetemeko la 1695 likaongeza, na watu wakahama kidogo kidogo. Wenyewe Waitaliano wanauita mji unaokufa.

Tangu 2013 kuingia ni kwa tiketi. Ilianza euro 1.50, sasa ni 5. Na hapa lazima haki itendeke, hiyo pesa imefanya kazi. Bila wageni pengine hapo pangebaki mawe na paka tu. Wakazi wa kudumu ni kama dazeni moja. Wageni wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka.

Walilala usiku mmoja kwenye chumba cha kupanga. Mchana palikuwa pamefurika, kila kona kuna mtu anapiga selfi kwenye mlango wa mtu. Ilipofika jioni wageni wakavuka daraja kurudi zao, na ghafla ukawa unasikia viatu vyako mwenyewe. Maua yako madirishani, ndani taa hamna. Wakazunguka mji mzima kwa dakika kumi, hawakukutana na mtu wa kumsalimia. Mtoto wa Mji Mkongwe hajazoea hiyo. Kwao kutoka mlangoni mpaka Darajani ni "shikamoo", "marhaba", "mama hajambo?", "mbona umekonda?", safari ya dakika tano inachukua nusu saa.

Dada akasimama katikati ya kiwanja, akamwambia mumewe, "Pazuri hapa. Lakini ukifa, nani atakuosha?"

Kaka hakuwa na jibu. Akamshika mkono, na hapo ndipo walipoanza kuongea tena.

ROMA: MAJI YA BURE

Roma wote mnaijua kwenye filamu, kwa hiyo fupi fupi. Colosseum ilifunguliwa mwaka 80, tiketi kata mapema mtandaoni, foleni yake si ya mchezo. Sarafu zinazorushwa kwenye chemchemi ya Trevi zinakusanywa na kupewa shirika la Caritas kusaidia wenye shida. Ngazi za Piazza di Spagna usikae, ni faini. Maji usinunue, mitaani kuna mabomba ya chuma yanayotiririka mchana na usiku, jaza chupa yako. Kahawa inywe umesimama kaunta kama wenyeji, ukikaa kwenye kiti bei inapanda. Ijumaa walikwenda kuswali kwenye msikiti mkubwa wa Roma uliofunguliwa 1995, nguzo zake ndani kama msitu wa minazi. Dada akatoka hapo uso umetulia. Kaka mkubwa kapiga simu mara mbili, hajapokelewa.

MATERA: AIBU ILIYOGEUKA LULU

Matera iko kusini. Treni kubwa mpaka Bari, halafu kitreni kidogo cha kama saa moja na nusu. Ukifika ukingoni ukatazama chini unakosa pumzi. Nyumba zimechongwa kwenye mwamba, moja juu ya nyingine, paa la jirani wa chini ndiyo njia yako ya kupita. Hayo ndiyo Sassi. Kama umeona filamu ya James Bond ya 2021, ile gari inayozungushwa kwenye kiwanja cha mawe, ndipo hapo.

Lakini zamani hapakuwa pa kupigia picha. Familia nzima iliishi kwenye pango moja pamoja na nyumbu, kuku chini ya kitanda, maji ya bomba hamna, malaria inaua watoto. Mwandishi Carlo Levi aliandika habari za umaskini huo kwenye kitabu chake cha 1945, nchi nzima ikaona aibu. Waziri Mkuu De Gasperi akaenda kujionea 1950, na 1952 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha. Watu kama 15,000 wakapelekwa kwenye nyumba mpya pembeni. Sassi zikabaki tupu miaka na miaka, milango imezibwa. Baadaye wakaanza kukarabati, UNESCO wakaziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 1993, na 2019 Matera ikawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya.

Nje ya pango moja lililofanywa makumbusho walimkuta mzee mmoja kakaa kwenye jiwe la mlangoni, vile vile wazee wa Unguja wanavyokaa barazani. Kaka akamsalimia kwa Kitaliano chake cha Kiwengwa. Mzee akafurahi, akauliza kajifunzia wapi, akaambiwa pwani ya Zanzibar, akacheka mpaka akakohoa. Alizaliwa pale chini, akahamishwa akiwa na miaka sita.

Dada akamwambia mumewe, "Muulize, walilia kuhama?"

Mzee akafikiri. Akasema mama yake alipofungua bomba ndani ya nyumba mpya na maji yakatoka, alilia kwa furaha. Wiki iliyofuata akalia tena, kwa sababu hakuwa na mtu wa kukaa naye nje. Pale chini nyumba kadhaa zilizunguka kiwanja kimoja, kisima kimoja, na mkate wa kila familia ulipigwa muhuri wa mbao ili usichanganywe kwenye tanuri la wote. Kule juu kila mtu alifunga mlango wake. "Kutuhamisha walikuwa sahihi," mzee akasema. "Kosa ni kwamba hakuna aliyetuuliza turudi vipi."

Dada akataka kujua sasa mapango ni ya nani. Hapo kaka alitafsiri polepole, kwa sababu na yeye masikio yalimsimama. Mengi bado ni mali ya serikali. Mtu akitaka kufungua hoteli au kuishi, hanunui, anapewa kwa mkataba wa miaka, na sharti ni akarabati.

Walikaa pale hata baada ya mzee kuondoka. Kaka ndiye aliyelisema kwanza, yeye aliyekuwa upande wa kuuza. "Chini tupangishe. Juu mama abaki."

MEZA YA FAMILIA

Walivyorudi, kikao kilifanyika pale pale barazani. Dada akasema hasaini kuuza. Pendekezo lake ni ghorofa ya chini ipangishwe miaka kumi, mpangaji atengeneze paa na ule ufa kama sehemu ya kodi, mama asitoke juu, na mlango wa nakshi usiguswe. Akaongeza kwamba hana ugomvi na wageni, mumewe analishwa na wageni, yeye mwenyewe juzi tu alikuwa mgeni anapiga selfi kwenye milango ya watu. Anachotaka ni kuwe na mtu anayeishi nyuma ya mlango.

Mambo si mepesi kama posti. Ndugu wawili wamemuunga mkono. Wanne wanasema fungu lao wanalitaka sasa, wana watoto wa kusomesha, na hawajakosea. Mmoja ametoka kwenye grupu la WhatsApp, salamu zake zinapitia kwa mama. Mnunuzi kaambiwa habari ya kupangisha, kasema atafikiria, mpaka leo anafikiria. Mama alipoulizwa anaonaje, safari hii hakusema "mkikubaliana nyote". Alisema, "Nitengenezeeni paa kwanza, mengine tutayaongea nikiwa mkavu."

Dada kafuta bei ya mitandio miwili mikubwa, kapunguza, anauza kwa kasi ili apate pesa ya fundi wa kuanzia. Masika imekwisha, lakini vuli inakuja, na beseni bado liko pale pale juu.

Haya wadau, ungekuwa wewe ni mtoto wa saba, ungesaini au usingesaini? Tiririkeni hapo chini, ila wanandugu msitukanane.